Namna ya Kuliona Faili la Kaunti Kabla Hujastaafu

Kwanza, hongera. Umeamua kuuliza swali ambalo majirani zako wamelimeza muda mrefu: ile barabara ya wadi yenu, iliyowekewa bango la mradi, ikazinduliwa kwa mahema na kwaya, ikamwagiwa changarawe mpaka kwenye kinu cha kusagia mahindi kisha ikaishia hapo, iligharimu pesa ngapi, na nani alizipokea? Watu wa nyumbani watakuuliza kama umekosa kazi. Waambie ndiyo, ulikuwa umekosa, na sasa umepata.

Utashangaa kugundua kwamba sheria iko upande wako, tena waziwazi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 96, ikaongeza kwamba kila kaunti itenge afisi ya kushughulikia maombi hayo. Kisha ikaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ikaeleza nani aombwe, aombwe vipi, ajibu ndani ya siku ngapi, na uende wapi asipojibu. Ni sheria nzuri sana. Ukiisoma kitandani utalala fofofo, ukiota umeletewa faili pamoja na chai ya maziwa.

Asubuhi unafika langoni.

"Kiongozi, kitambulisho. Unaenda kuona nani?"

Huo ni mtego. Kitabu cha wageni kina mahali pa jina lako, nambari ya simu na mtu unayemwona. Hakina mahali pa kuandika kwamba umekuja kuona karatasi. Taja cheo, usitaje jina. Majina huhamishwa usiku, vyeo hubaki. Kwa mujibu wa sheria ya 2016, mkuu wa utendaji katika taasisi ya umma ndiye afisa wa habari hata kama hajui, kwa hiyo sema unaenda kwa Katibu wa Kaunti. Askari akikuuliza kama una miadi, mjibu kwamba una barua. Barua humtia askari wasiwasi kidogo, na hutaki zaidi ya hapo.

Ukiingia ndani utakuta koti. Koti la kijivu, limevishwa kiti kwa ustadi, mabega yamekaa sawa, kalamu mbili mfukoni. Mbele yake pana miwani juu ya faili lililofunguliwa, na kikombe chenye alama ya chai iliyokauka. Huo wote ni ushahidi kwamba mwenyewe yupo, ametoka kidogo tu. Litazame vizuri pale kiwikoni. Ukirudi Alhamisi ukalikuta na mkunjo uleule, ujue ndilo lililoajiriwa.

Hapa lazima nikufundishe jambo ambalo sheria haikuliandika. Katika afisi ya kaunti hakuna atakayekukatalia. Kukataa ni ukosefu wa adabu, tena kunahitaji sahihi. Utaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Utaambiwa yuko warsha Naivasha, na warsha ikiwa kubwa, Mombasa. Utaambiwa sistimu imeanguka, mwenye ufunguo wa kabati ameenda matangani, jaribu Jumatano. Kila jibu limesemwa kwa upole, na mengine ni ya kweli. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kuomba BQ ya barabara, ile orodha ya kazi na bei zake. Miezi inapita, bajeti inafungwa Juni 30, gavana anamaliza muhula, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ulinyimwa kitu. Hukunyimwa. Uliahirishwa.

Kazi yako yote, basi, ni kuugeuza huo uahirishaji uwe kukataliwa. Ukikataliwa una kesi. Ukiahirishwa una nauli tu.

Lakini kabla ya kuandika chochote, hakikisha unachotafuta kiko kwa kaunti kweli. Wengi hupoteza wiki nzima kwenye foleni isiyo yao. Hati za ardhi na utafutaji wake ni mambo ya serikali ya kitaifa. Kwa mashamba ya Nairobi utaelekezwa Ardhisasa, mfumo wa kidijitali uliozinduliwa Aprili 2021. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo navyo ni vya kitaifa. Kaunti ina ada za ardhi za kila mwaka, vibali vya ujenzi na ramani zake, leseni za biashara, masoko, zahanati, shule za chekechea, taka na maziara. Barabara ndiyo tamu zaidi, kwa sababu kuna za mamlaka za kitaifa, yaani KeNHA, KURA na KeRRA, na kuna za kaunti, na barabara mbovu ina tabia ya kutokuwa ya yeyote kati ya hao. Ukienda hapa unaelekezwa pale, ukifika pale unarudishwa hapa, na shimo linaendelea kunenepa.

Sheria ilikuwa imeona mchezo huo. Ukipeleka ombi kwa taasisi isiyo na habari unayotaka, wao ndio wanaoruhusiwa kulihamishia kwa anayehusika, ndani ya siku tano, kisha wakuarifu. Wao, si wewe. Kwa hiyo anayekwambia "hiyo si yetu, enda KURA", mwitikie kwa furaha: "Sawa kabisa, naomba mnihamishie." Kisha tulia umtazame. Atakumbuka ghafla kwamba huenda ikawa yao.

Kama jambo lako lina umri kidogo, vaa viatu imara zaidi. Mpaka Machi 2013 mambo haya yalikuwa ya mabaraza: ya jiji, ya manispaa, ya miji na ya wilaya, jumla 175, yote yakavunjwa kaunti zilipozaliwa. Wananchi hawakuyasahau, ndiyo maana askari wa kaunti anaitwa kanjo, yaani "council", mpaka leo. Karatasi za mabaraza zilirithiwa na kaunti kama vile watoto wanavyorithi shamba lisilo na mipaka. Nairobi ina sura ya ziada: kuanzia Machi 2020 mpaka Septemba 2022 baadhi ya majukumu yake, yakiwemo afya, uchukuzi na mipango ya jiji, yalikuwa chini ya NMS, taasisi ya serikali ya kitaifa yenye makao KICC, kisha yakarudi City Hall. Ukiambiwa faili la kipindi hicho "lilienda na wale wengine", usibishe. Uliza tu ni nani alilitilia sahihi likiondoka.

Sasa andika. Barua iwe kwa Kiswahili ukipenda. Kifungu cha 8 cha sheria ya 2016 kinasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Nakushauri Kiswahili, kwa sababu karani atakisoma mpaka mwisho na hatakuwa na pa kujificha. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kulisema ombi lake kwa mdomo, afisa aliandike na kumpa nakala. Nenda na shangazi yako asiyesoma umwone afisa akitafuta kalamu.

Usiandike kama mwanaharakati. Ukiandika "nataka ukweli kuhusu ufisadi wa barabara yetu", utajibiwa kwamba kaunti haina faili lenye jina hilo, na watakuwa wamesema kweli. Omba karatasi, si ukweli. Ukweli haufungwi kwa kamba nyekundu. Barua yenye meno inafanana na hii:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu barabara ya kutoka sokoni hadi zahanati: mkataba pamoja na BQ yake, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi, vyeti vya malipo vyote, na cheti cha kukamilika kwa kazi, kama kipo. Nitalipia gharama ya nakala. Naomba jibu ndani ya siku 21."

Basi. Hakuna "tafadhali sana Mheshimiwa", hakuna historia ya kijiji, hakuna aya kuhusu wahenga. Yale maneno "kama kipo" ni ya kishenzi kidogo, na ndiyo maana yamo. Barabara iliyolipwa yote bila cheti cha kukamilika ni habari kubwa kuliko cheti chenyewe.

Chapisha nakala mbili. Nakala ya pili ndiyo roho ya mwongozo huu, na ukisahau mengine yote usisahau hii. Peleka masijala, si kwenye meza ya koti. Masijala hukaa mtu mmoja, aghalabu mama mwenye miwani ya kamba na redio ndogo, aliyeona makatibu wakija na kuondoka. Msalimu vizuri. Mwite mama, muulizie hali ya baridi. Si hongo hiyo, ni adabu, na huyu ndiye mtu pekee katika jengo lote anayejua kila faili liko wapi, likiwemo lile linaloegemeza dirisha lisifunguke.

Mwombe akupigie mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Atatoa mhuri kwenye droo. Kidau cha wino kitakuwa kimekauka. Ataupulizia mhuri pumzi, mara mbili, kisha atapiga kwa kishindo. Kabla hujashukuru, tazama tarehe. Mihuri hiyo ina gurudumu dogo linalozungushwa kila asubuhi, na kuna asubuhi ambazo halizungushwi. Nimeona barua iliyopokelewa siku nne kabla ya kuandikwa. Mwambie kwa upole, azungushe, apige tena, aweke sahihi. Tangu hapo saa inakwenda.

Huenda ukaitwa ndani. Hili ni jambo jema, maana yake barua imesomwa. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Karibu, keti. Wewe unatoka wapi?"

"Wadi hii hii, mkubwa."

"Hapana, shirika gani?"

"Sina shirika."

"Sasa hizi karatasi ni za nini? Nani amekutuma?"

Ukitaka kujieleza, umekwisha. Kifungu cha 4 kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unayoitoa, wala na sababu ambayo afisi inakudhania. Unaweza kuwa unataka BQ ili uisome kanisani. Unaweza kuwa unataka kugombea kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, na bila shaka ndicho anachokifikiria anapokutazama viatu. Mwambie: "Ni za kusoma tu, mkubwa." Hakuna jibu linaloitia afisi ya umma kiwewe kama hilo.

Pengine ataamua kwamba barua haitoshi, kuna fomu, na fomu zimeisha. Kifungu cha 8 kimemtangulia tena: taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini ombi halikataliwi kwa sababu tu hukuitumia. Pengine atagusia "gharama za kufuatilia". Kuwasilisha ombi ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia. Mwombe akuandikie risiti ya hizo gharama za kufuatilia, naye ataona kwamba kumbe hazipo.

Kuna na wale wenye elimu zaidi, watakaokuambia ni siri. Kweli, kifungu cha 6 kina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, faragha ya mtu binafsi, maslahi ya kibiashara na mengineyo. Lakini kifungu hichohicho kinasema habari inaweza kutolewa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Hapo mkumbushe reli ya SGR. Serikali ya kitaifa iliikalia mikataba ya ile reli ya kutoka Mombasa, hadi Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walipokwenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru wapewe. Novemba mwaka huo sehemu ya mikataba ikawekwa hadharani. Nchi haikuanguka. Kama mkataba wa reli na benki ya Uchina umeonekana na jua, sioni kalvati ya kwenda zahanati itahatarishaje mipaka ya Jamhuri.

Wakati siku zinahesabika, usikae bure. Karatasi nyingi za kaunti zimelala nje ya kaunti, mahali ambapo hakuna koti. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchambua kila kaunti, kila mwaka, kwa lugha kavu isiyo na hasira. Ukiona sentensi inayosema kwamba "thamani ya pesa haikuweza kuthibitishwa", isome taratibu, hiyo kwa mkaguzi ni sawa na kupiga nduru. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kaunti gani ilitumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa safari. Hizi zipo mtandaoni bure. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo ukoo wake unarudi nyuma mpaka 1899, hutoka kila Ijumaa, na Kenya Law wameliweka mtandaoni nalo, pamoja na sheria zote ninazozitaja hapa. Watu husoma Gazeti wakitafuta mirathi na vyeo. Wewe soma matangazo ya kaunti.

Kaunti yenyewe nayo inatakiwa kuchapisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Na juu ya yote kuna CIDP, ule mpango wa miaka mitano, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Tovuti ya kaunti itakuonyesha picha kumi na tatu za gavana akipanda mti, halafu sehemu iitwayo "Stakabadhi" ambayo ukiibonyeza inazunguka. Usikate tamaa. Nenda bunge la kaunti, kwa karani wa bunge. Vikao vya bunge ni vya wazi kwa amri ya Katiba, na bajeti iliyojadiliwa mle imeachwa kwenye meza zaidi ya moja. Hata MCA wako anaweza kuwa na nakala. Huenda hajaifungua, kwa hiyo itakuwa safi.

Mambo ya zamani sana, ya enzi za mkoloni na mabaraza yake, yapeleke Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo la Moi Avenue ambalo Wanairobi wote hukutania mbele yake na wachache hulivuka kizingiti. Zamani lilikuwa benki. Chini pana mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa Rais. Juu pana chumba cha kusomea. Unajisajili, unajaza karatasi ya kuombea faili, unaletewa. Ndiyo, unaletewa. Wengine hupatwa na mshtuko wa kiungwana kabisa.

Tukirudi kwenye barua yako: siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, endapo karatasi ni nyingi au lazima washauriane na wengine. Sheria hiyohiyo, ikiwa na matumaini makubwa kwa binadamu, ilizipa taasisi za umma miaka mitatu ziweke rekodi zake kwenye kompyuta. Kompyuta zipo. Moja niliiona imefunikwa kitambaa cha maua kuikinga na vumbi, na juu ya kitambaa pamewekwa faili.

Siku ya 22 ikifika bila jibu, vaa nguo nzuri. Sheria inahesabu ukimya huo kuwa kukataliwa, na wewe, bila mtu yeyote kukuwekea sahihi ya kukukatalia, umekataliwa rasmi. Ndiyo maana tulihangaika na gurudumu la mhuri. Sasa una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, wengi huiita Ombudsman, ambayo kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge ana Haki". Ambatisha nakala yenye mhuri na maelezo mafupi. Tume inaweza kuita maafisa, kuitisha karatasi, kuamuru zitolewe. Na amri yake inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu itekelezwe kama amri ya mahakama. Barua ya Tume ikitua kaunti, koti litavaliwa. Mkutano wa Naivasha utaisha mapema. Ufunguo wa kabati utarudi kutoka matangani.

Utapigiwa simu, yamkini Ijumaa jioni: "Mzee wetu, mbona hukusema ulikuwa na haraka?" Usigombane. Nenda ukachukue.

Utapewa bunda. Kurasa zitakuwa zimepigwa skani kichwa chini, nyingine mara mbili, na ule unaoutaka umekunjwa pembe pale penye jumla. Hesabu kurasa ukiwa bado kwenye kaunta, kisha utie sahihi kwa idadi uliyopokea, si kwa idadi iliyoandikwa. Ukifika nyumbani soma BQ kwanza na uache mkataba. Mkataba ni wa mawakili. BQ ni ya mtu mwenye macho. Inakuambia udongo kiasi gani ulichimbwa, changarawe unene gani, kalvati ngapi na za kipenyo gani, na bei ya kila kimoja. Halafu mchukue fundi wa mtaani, yule anayejenga kwa watu bila kuandikiwa chochote, mwende naye barabarani na futi ya kupimia, asubuhi kabla ya matatu kuanza kumwaga vumbi.

Karatasi inasema kalvati kumi na mbili. Mkizipata nne, andika barua nyingine, nakala mbili, ukiuliza kwa heshima zote zile nane zilizikwa upande gani wa barabara. Mama wa masijala umsalimie.